Usiku wa Kuamkia Lini?

Ijumaa alasiri Bibi alikwisha kufunga mzigo: mkoba wa nguo, kikapu cha machungwa ya Muheza, chupa ya chai. Mjukuu wake aliporudi akamcheka. "Bibi, safari ni kesho. Tiketi yako ni ya usiku wa Jumamosi." Bibi akauliza, "Usiku wa Jumamosi si ndio huu unaoingia?" Mjukuu akamsogezea simu, akamwonyesha kwa kidole: Jumamosi, 00:30. Bibi akafungua mkoba, akatoa kanga ya kulalia.

Kesho yake saa nne na nusu usiku bajaji ikawashusha stendi ya Kange, hapa Tanga. Pale wakaambiwa basi lao limeondoka jana. Kiti cha Bibi, cha dirishani, kilikwenda kitupu Segera, Chalinze, mpaka Mbezi, Dar es Salaam. Nauli haikurudi. Kampuni siitaji, ugomvi wetu haukuwa na jina la mtu.

Habari ilienea mtaani kabla ya adhuhuri, na Jumapili baada ya Isha barazani kwangu, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, hapakuwa na pa kukaa. Kilichokinogesha kisa ni Mjukuu mwenyewe: kazi yake huko Dar es Salaam ni kusanifu aplikesheni, yaani kuamua kitufe kikae wapi, kiandikwe nini, na mtu akikibonyeza aone nini. Alikuwapo Wakala, mama mwenye kibanda cha huduma za fedha pale kona. Alikuwapo Mkata Tiketi, kijana wa Kange (si wa kampuni ile, alituapia). Na Mzee wa Reli, mstaafu, ambaye akishapata kikombe cha pili cha kahawa hanyamazi. Bibi alikaa kwenye mkeka nyuma ya pazia la mlango. Yeye ndiye kesi. Nayaandika yalivyosemwa. Vicheko nimeviacha, ukali nimeupunguza kidogo kwa ajili ya ujirani.

MKATA TIKETI: Mimi nasema mapema ili tusichelewe kulala. Tiketi imeandika siku, imeandika saa. Saa sita na nusu usiku, Jumamosi. Ambaye hakuja saa hiyo amekosa basi. Hapa mjadala uko wapi?

MJUKUU: Kaka, nilisoma tiketi. Nilisoma mara mbili. Na kusoma ndiyo kazi yangu.

MKATA TIKETI: Basi ulisoma vibaya.

MZEE WA RELI: Ngojeni. Kabla ya kumhukumu kijana, nataka kujua aliyepatia ni nani. Dada, uko huko?

BIBI: Niko. Mimi nalimwambia. Usiku wa Jumamosi huingia Ijumaa jua likizama. Kwani usiku wa Ijumaa ni upi? Si ule wa Alhamisi, watu wakisoma Yasini? Na tarawehe je? Mwezi ukiandama twasali usiku uleule, na saumu yenyewe ni kesho. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Mume wangu huyu kasoma mpaka chuo kikuu, akaniambia nimezeeka.

MJUKUU: Sikusema umezeeka, Bibi.

BIBI: Ulicheka. Ni kulekule.

Nikiri kwamba hapa mimi mwenyewe niliweka kikombe chini. Tulikuja barazani tukidhani tunamjadili bibi kizee aliyeshindwa na mashine. Kumbe hesabu ya Bibi na hesabu ya mashine zilikubaliana. Kompyuta huanza siku saa sita ya usiku. Bibi huianza magharibi. Na ile nusu saa baada ya saa sita, kwa wote wawili, ni Jumamosi. Aliyekwenda kombo ni wa katikati: kijana anayehesabu usiku kama mkia wa mchana uliopita, kama tunavyofanya wengi wetu siku hizi tukisema "tukutane Jumamosi usiku".

MZEE WA RELI: Na nyinyi mabasi, mambo haya yamewapata lini? Zamani sikuyasikia.

MKATA TIKETI: Yametupata 2023, babu. Tangu miaka ya tisini mabasi yalikatazwa kutembea usiku. Ilikuwa lazima ulale njiani. Gari la kwanza linatoka alfajiri, la mwisho linaangalia lisikamatwe na giza. Tiketi haikuwa na haja ya kutaja usiku, kwa sababu usiku haukuwa na safari. Serikali ilipofungua safari za saa 24, mamlaka ya usafiri, LATRA, ikaanza kutoa ratiba za usiku, sisi tukaendelea na tiketi ileile.

MJUKUU: Hapo umelisema mwenyewe. Safari imebadilika, tiketi haikubadilika.

MKATA TIKETI: Nimesema ratiba. Sijasema kosa.

MJUKUU: Kuna mtu anaitwa Donald Norman, Mmarekani. Mwaka 1988 aliandika kitabu kuhusu vitu vya kila siku: milango, majiko, swichi za taa. Anasema mtu akivuta mlango unaotakiwa kusukumwa, usimcheke mtu, utazame mlango. Huenda umewekewa mkono wa kuvuta upande wa kusukuma. Sisi wasanifu tunafundishwa hivyo tangu siku ya kwanza.

MKATA TIKETI: Basi kila anayechelewa basi, kosa ni la basi? Maana kuna waliochelewa kwa sababu walilala.

MJUKUU: Mmoja akilala, kalala. Watu kumi wakikosea palepale, kwa namna ileile, huo ni mlango. Niambie kweli kaka, tangu mabasi ya usiku yaanze, wangapi wamekuja kwako na tiketi ya jana?

Mkata Tiketi alitazama barabarani. Pikipiki ilipita, ikampa muda.

MKATA TIKETI: Wanakuja.

WAKALA: Wangapi?

MKATA TIKETI: Nimesema wanakuja, dada. Na si usiku tu, kama mnataka yote. Mchana pia tuna yetu. Tiketi inaandika 06:00, abiria anapiga simu: "Hiyo ni saa zetu au saa za Kizungu?" Kila siku. Yupo aliyeona 06:00 akaja saa sita mchana, basi lake likiwa linaingia Mbezi. Na kampuni nyingine zinaandika 12:00 zikimaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo huyu aliyekuja saa sita mchana leo, kesho akikutana na 12:00 atakuja saa sita mchana tena, na atakosa basi tena, akiwa safari hii amesoma Kizungu vizuri kabisa.

Huu ndio uti wa mgongo wa kesi, na nilitaka wakae hapo. Saa yetu huanza na jua: saa moja ni saa moja tangu kuche, au tangu kuchwe. Wahabeshi nao huhesabu hivyohivyo. Hapa karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi sana adabu zake mwaka mzima, ni saa yenye akili. Ukiiweka simu yako kwenye Kiswahili, itakuandikia Jumamosi na Julai bila shida. Lakini saa itakayochapa pale juu ni 18:00. Lugha imetafsiriwa, wakati haukutafsiriwa.

MJUKUU: Sasa mimi niwe wakili wa mashine, maana hakuna anayeitetea. Nikiandika ndani ya aplikesheni "saa kumi na mbili na nusu jioni", pale juu simu yenyewe inasema 18:30. Kioo kimoja, saa mbili. Abiria aamini ipi? Tena tiketi ileile inanunuliwa na Mzungu anayekwenda Pangani na Mganda anayepeleka mzigo. Na mfumo wa LATRA, na wa kampuni, na wa malipo, lazima yote isome saa moja. Huwezi kujenga mfumo juu ya jua.

MZEE WA RELI: Mwanangu, reli hii ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893. Tangu hapo reli ina saa yake na watu wana yao, na treni zilikwenda. Nimekaa dirishani kukata tiketi miaka mingi. Daftari langu liliandika 1930. Mdomo wangu ulisema, "Mama, saa moja na nusu usiku, uje baada ya magharibi, usije ukala kwanza." Mama akaja. Hakuijua 1930 wala haikumhusu. Ile tafsiri ilikuwa kazi yangu. Nikilipwa mshahara kwa ajili yake.

MJUKUU: Sasa babu, dirisha halipo.

MZEE WA RELI: Ndiyo nakuuliza. Dirisha mmeliondoa. Mshahara wangu mmeuokoa. Ile kazi ya kutafsiri mmempa nani?

Kimya. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, nadhani kwa makusudi.

BIBI: Wamenipa mimi. Bila mshahara.

MKATA TIKETI: Wengine wametupa sisi, Bibi. Mnadhani nakaa Kange kufanya nini? Tiketi iko kwenye simu, lakini mtu bado ananitafuta nimsomee. Nampa saa, nampa siku, namwonyesha gari. Ile aplikesheni ikiwa nzuri kama anavyotaka huyu bwana mdogo, Bibi akaielewa mwenyewe, mimi nitakula wapi?

Hilo halikujibiwa usiku ule, na mimi sina jibu lake. Ila niliona tangu hapo Mkata Tiketi akaanza kusema ukweli zaidi.

WAKALA: Nyinyi mnaongea kama kazi hii haiwezekani. Mbona kwenye pesa imewezekana? Bibi hapa hajawahi kukosea kumtumia mwanawe hela. Na anatumia kitochi.

MJUKUU: Menyu ile ya zamani, shangazi? Maandishi matupu, inakatika ukichelewa kujibu, ukurasa mmoja hauzidi herufi mia na themanini na kitu. Kwa macho ya chuoni ni kitu kibaya.

WAKALA: Kwa macho ya chuoni. Kwa macho ya kibandani, sikiliza. Unapiga nyota mia hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Unasikia? Reli! Alama ile ina jina refu huko ilikotoka, lakini mtu wetu aliitazama, akaona mistari imelala na mistari imesimama, akasema hii ni reli. Siku hiyo kila mtu akaijua. Halafu fungua ndani: tuma pesa, toa pesa, salio, namba ya siri, wakala. Nani hapa hajui maneno hayo? Hakuna aliyeniambia nisome kamusi.

MZEE WA RELI: Reli imefika mpaka kwenye simu. Nalijua itafika.

WAKALA: Na jambo kubwa ni moja. Kabla pesa haijaondoka, inakutajia jina. Unatuma kiasi hiki kwa fulani bin fulani, thibitisha. Nimeona mama ameandika namba kwa kukosea tarakimu moja, jina la mwanamume asiyemjua likatokea, mama akaruka kama kakanyaga kaa la moto. Akafuta. Hakuwa na haja ya kujua alikosea tarakimu gani. Alijua tu kwamba huyu siye mwanangu.

MJUKUU: Hapo nakupa mkono. Namba haimwambii mtu kitu, jina linamwambia. Na wenyewe hawakuanza na akili hiyo. Waliipata kwa kutazama. M-Pesa ya Kenya ilijaribiwa kuanzia 2005 kwa ajili ya watu kulipa marejesho ya mikopo midogo. Wale watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa nia ya mradi. Waliokuwa wakijaribu wakaliona, wakageuza mradi mzima. Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia kwetu kwa Vodacom.

WAKALA: Nasi tukahangaika na laini tatu tatu mkononi mpaka walipoanza kuelewana. Tigo, Airtel na Zantel 2014, Voda akaja baadaye, 2016. Leo natuma kutoka mtandao wowote kwenda wowote. Watoto wadogo hawajui kwamba zamani pesa ilikuwa na kabila.

MKATA TIKETI: Msiifanye menyu ya pesa malaika. Ndani yake kuna "kopa salio", kuna kifurushi unajiunga hujui unajitoaje. Kujiunga ni kubonyeza moja, kujitoa ni safari ya kwenda dukani kwao. Na wale matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanapitia hapohapo.

WAKALA: Kweli. Na niongeze langu. Wapo wateja wangu wasiosoma. Hawasomi menyu, wameikariri kwa vidole: moja, halafu moja, halafu namba. Siku kampuni ikiingiza huduma mpya juu ya orodha, zote zinasogea, na vidole vya watu vinaanguka shimoni. Nimekaa wiki nzima nafundisha upya. Hakuna aliyenilipa, babu, kama ulivyosema.

MJUKUU: Ofisini tungeita hilo uboreshaji.

WAKALA: Najua mngeita hivyo.

Mazungumzo yakahamia kwenye umeme, kama yanavyohamia siku zote Ngamiani, na Bibi akasogeza pazia ili asikike vizuri.

BIBI: Mie niambieni habari ya zile namba sitini.

Kwa msomaji aliyekuwa nje ya nchi: kuelekea tarehe 24 Novemba 2024, kila mwenye mita ya LUKU Tanzania alitakiwa kuiboresha. Ukinunua umeme, badala ya tokeni moja ya tarakimu 20 uliletewa tatu. Unaingiza ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu ndiyo yenye umeme. Mibonyezo 60, katika kitufe cha mpira kilichokwisha kulika, mara nyingi ukiwa umeshika tochi kwa meno.

BIBI: Nikafika arobaini na ngapi, nikasahau nilipo. Nikaanza upya. Mume wangu yuko Dar, ananiambia kwenye simu, "Bibi, bonyeza polepole." Kwani mita haikuwa yangu jana? Imenisahau?

MJUKUU: Haikukusahau wewe, Bibi. Ilikuwa inakaribia kusahau tarehe. Mita hizi duniani kote zilikuwa zinahesabu dakika tangu tarehe mosi Januari 1993, ili tokeni ikishatumika isitumike tena. Nafasi waliyoiwekea hesabu hiyo inabeba dakika milioni 16 na laki saba na kitu tu. Ikijaa, ndoo inamwagika. Na ilikuwa ijae siku ile ya Novemba. Zile tokeni mbili za kwanza zilikuwa za kuisafisha ndoo ianze upya.

MZEE WA RELI: Mwaka 1993 hawakujua kwamba 2024 itafika?

MJUKUU: Walijua, babu. Labda walidhani mita hazitadumu.

MZEE WA RELI: Ona basi. Kitu kikitengenezwa vizuri, msumbuko ni wa mtumiaji. Kikitengenezwa vibaya, ni wa mtumiaji.

MJUKUU: Lakini niwatetee kwa hili: zoezi lilikuwa zito, ila ujumbe wenyewe ulipangwa. Tarakimu zimegawanywa nnenne. Jicho linashika nne, linakwenda kwenye mita, linarudi kuchukua nne nyingine. Wangeziunganisha zote ishirini, Ngamiani nzima ingelala gizani.

WAKALA: Namba ya NIDA nayo ina tarakimu ishirini.

Nilikuwa sijawahi kuzihesabu. Tulizihesabu pale kwa mwanga wa simu, kwenye kitambulisho cha taifa cha Mzee. Ishirini kweli. Na bado watu wengi huweza kukutajia yao bila kuisoma, na hakuna binadamu anayekariri tokeni ya LUKU. Sababu ilikuwa machoni petu: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Unaanza kuikariri ukiwa tayari na nane mkononi. Urefu uleule, uzito tofauti. Sijui kama aliyeipanga namba ile alikusudia kumsaidia mtu wa kukariri. Pengine alikuwa akiwafikiria makarani. Lakini imemsaidia.

MZEE WA RELI: Kama barabara zetu. Mgeni akiniuliza Ngamiani namwambia, uko ya saba, unataka ya kumi na mbili, vuka tano. Ajue kuhesabu tu. Hahitaji kujua ni nani aliyekufa akapewa barabara.

MJUKUU: Sasa zina nguzo na nyumba zina namba, tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Ziko mpaka kwenye simu.

MZEE WA RELI: Vizuri. Lakini bodaboda aliyekuleta jana alikuja kwa nguzo au kwa kuhesabu?

MJUKUU: Alinipigia simu. Akaniuliza, "Karibu na nini?"

Saa ilikuwa imekwenda. Nikawaambia turudi kwenye basi, maana kesi ya Bibi haikuwa na hukumu.

MJUKUU: Mimi kosa langu nalikubali, ila si lile la kusoma vibaya. Kosa langu ni la ofisini. Aplikesheni zetu tunazijaribu kwa watu. Kuna mtaalamu, Jakob Nielsen, alifundisha kwamba watu watano tu watakuonyesha sehemu kubwa ya kasoro. Tunachukua watano. Wote wa ofisi ya jirani, wote wana simu kubwa, wote hulala saa saba usiku wakiita bado ni jana. Wote wangeisoma 00:30 kama nilivyoisoma mimi, na wote wangecheka kama nilivyocheka. Hatukuweka hata Bibi mmoja.

BIBI: Mngekuja. Ningewapikia.

MKATA TIKETI: Sawa, mumweke Bibi. Halafu iandikwe nini? Maana mtu hasomi. Nawaambia mimi ninayeshinda nao. Ukiongeza maneno, umeongeza yasiyosomwa.

BIBI: Kadi ya maulidi yaandikwaje?

Hakuna aliyeelewa mara moja.

BIBI: Kadi ya maulidi. Kadi ya harusi. Walima ukifanywa usiku, wasiandike watu wakaja siku siyo. Waandikaje?

WAKALA: Usiku wa kuamkia Jumapili.

BIBI: Basi.

Lugha ilikuwa na dawa muda wote. Redio inaitumia kila asubuhi: ajali imetokea usiku wa kuamkia leo. Sheha, imamu, mpiga chapa wa kadi, mtangazaji, wote wanajua kwamba usiku uko katikati ya siku mbili na kwamba njia salama ya kuutaja ni kusema unaelekea wapi. "Kuamkia" haikuulizi kama siku yako huanza magharibi, saa sita au ukilala. Anayehesabu kama Bibi ataipatia, anayehesabu kama mjukuu ataipatia. Walioandaa tiketi walikuwa nalo neno hilo majumbani mwao, kwenye kadi zilizochomekwa pembeni ya kioo cha kabati, wakaenda kazini wakaandika 00:30.

MKATA TIKETI: Ujumbe wa simu una nafasi ndogo.

MJUKUU: Ujumbe mmoja ni herufi 160. Ngoja. (Akahesabu kwa vidole.) "Usiku wa kuamkia Jumamosi" ni 25, pamoja na nafasi. Na 00:30 ibaki palepale kwa mashine na kwa Mzungu. Na chini yake, "saa sita na nusu usiku". Siondoi kitu. Naongeza.

MKATA TIKETI: Na asiyesoma?

MZEE WA RELI: Asiyesoma atakuja kwako, mwanangu. Kazi yako ipo. Ila utamsomea kitu kilichoandikwa, hutakuwa unakisia.

Mkata Tiketi hakukubali kwa maneno. Mpaka anaondoka alishikilia kwamba abiria makini hakosi basi, na mimi siwezi kusema hana hoja hata kidogo. Nimewahi kukosa basi kwa uzembe mtupu, tiketi ikiwa safi kabisa. Lakini kwa kisa hiki hukumu yangu nimeshaitoa, na niliitoa palepale barazani: kampuni idaiwe nauli, Mjukuu adaiwe radhi, na Bibi asidaiwe kitu. Mjukuu alilipa deni lake usiku uleule. Nauli, hadi naandika, bado.

Tiketi ya pili Bibi hakutaka inunuliwe kwenye simu. Mkata Tiketi ndiye aliyeikata, kwa kimashine chake, Jumatatu asubuhi. Ilitoka ikisema Jumanne, 00:30. Akaitazama kidogo, akachomoa kalamu sikioni, akaandika pembeni kwa mkono: usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu magharibi Bibi alikuwa Kange, juu ya mkoba wake, na chai bado ya moto.